Skripti za mtandao zikitanguliana ovyo: dhana na ukweli

Stima ikirudi Luthuli Avenue, Nairobi, seva ndogo ya Linux huwaka upesi, ilhali routa ya faiba bado inatafuta laini. Katika mwanya huo skripti (faili za amri zinazojiendesha zenyewe) hukanyagana: ya VPN (njia ya siri kwenda seva ya mbali) inaita kabla anwani ya IP (namba ya kifaa mtandaoni) haijafika, ya bakapu (nakala za akiba) inakuta VPN haipo. Mafundi nao wana maelezo yao.

Dhana: Skripti namba 2 hutangulia namba 10.
Kwa hesabu, ndiyo. Lakini NetworkManager, programu inayosimamia mtandao kwenye Linux, huendesha yaliyomo katika /etc/NetworkManager/dispatcher.d kwa alfabeti, na kwa alfabeti 10-vpn huja kabla ya 2-njia. Andika 02-njia, kwisha.

Dhana: Skripti isipoendeshwa kabisa, mpangilio ndio mbovu.
Angalia ruhusa kwanza. Faili iwe mali ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), iwe na ruhusa ya kuendeshwa, na asiweze kuiandika mwingine. Kwenye Debian (aina ya Linux) inayotumia /etc/network/if-up.d kuna mtego mwingine: run-parts, amri inayoendesha skripti za folda, huruka jina lenye nukta. Faili vpn.sh haiguswi, vpn inaendeshwa, na hupewi onyo lolote. Amri ya run-parts --test itakuonyesha zipi zitaendeshwa.

Dhana: After=network.target hungojea intaneti.
Hii ndiyo inayowafanya watu wakeshe. Mstari huo huandikwa katika faili la huduma ya systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux. Shabaha hiyo (target, yaani hatua ya kuwaka kwa mfumo) husema tu kwamba programu ya kusimamia mtandao imeanzishwa. Anwani huenda haijapatikana. Unayoitaka ni network-online.target, tena kwa mistari miwili: After= hupanga zamu, Wants= huiita shabaha yenyewe. Ukiacha wa pili, huenda asiwepo wa kuiita. Hakikisha pia huduma ya NetworkManager-wait-online imewezeshwa. Hata hapo usijidanganye: faiba ikikatwa barabarani, routa itaendelea kugawa anwani za ndani, na seva itajiona iko mtandaoni. Kwa hiyo huduma inayotegemea seva ya mbali ijue kujaribu tena; Restart=on-failure pamoja na RestartSec= husaidia zaidi ya mpangilio wowote.

Dhana: sleep 30 inatosha.
Inatosha siku routa ikiwahi. Isitoshe, skripti za dispatcher.d husubiriana, hivyo inayolala inazichelewesha zilizo nyuma yake, isipokuwa zile zilizo katika folda yake ya no-wait.d. Soma hoja ya pili (jina la tukio) inayopewa skripti: bakapu ingoje vpn-up, si up, mradi VPN yenyewe inasimamiwa na NetworkManager, na si ya WireGuard.

Dhana: Zamu zote ziko sawa, basi kosa ni la mtoa huduma.
Tazama saa kabla ya kumpigia. Raspberry Pi 4 haina saa yake ya betri, na WireGuard, aina ya VPN, hukataa salamu ya kuunganisha yenye muda uliopitwa na ule iliokwisha kuuona. Kifaa kikiamka saa ikiwa nyuma, VPN haitashika hadi saa isawazishwe. Huduma ya VPN ipangwe baada ya shabaha ya time-sync.target, na systemd-time-wait-sync iwezeshwe ikiwa saa inasawazishwa na systemd-timesyncd.