Mila na ukale si neno moja

Juzi kwenye kibanda umiza kimoja, kile cha kuonyeshea filamu, hapa Ujiji, Kigoma, waliweka filamu ya Black Panther, ile ya 2018, ya kutafsiriwa. Ikafika pale kwenye maporomoko ya maji, M'Baku anapotokea na watu wake wa milimani kumpinga T'Challa asitawazwe kuwa mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya kwenye filamu hiyo. Mtafsiri akasema: "Huyu mtu wa mila, hataki maendeleo." Njia nzima ya kurudi nyumbani vijana walikuwa wanarudia maneno hayo hayo: mila imepigana na teknolojia, na teknolojia imeshinda. Nimeyasikia sana, na hata shuleni nimeyaona yameandikwa kwenye ubao wa mdahalo, "mila dhidi ya maendeleo".

Mila ni taratibu ambazo watu wamezipokea kwa waliowatangulia na bado wanaziishi. Ukale ni hali ya kitu kuwa cha zamani. Kinachotenganisha maneno haya mawili ni hilo "bado".

Tuyaangalie maneno yenyewe. Mila tumeitoa kwenye Kiarabu, ambako ni dini au njia ya watu fulani. Jadi nayo imetoka huko huko, kwenye neno la babu. Ndiyo maana Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi: Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, utani wamerithishana watu waliokwisha kuzikwa. Mechi yao leo inapigwa chini ya taa na watu wanaifuata kwenye simu, wala hakuna anayesema taa zimeua jadi. Utamaduni ndio unaonishangaza zaidi, maana una shina moja na madina, yaani mji. Watu wanalitumia kwa ngoma na vibuyu tu, kumbe asili yake ni maisha ya mjini.

Halafu maendeleo. Hili ni letu, halikuazimwa popote. Enda, endea, endelea, maendeleo. Kuendelea si kuacha. Mtu akikuambia "endelea na hadithi", hajakuambia uanze nyingine. Anataka ile ile uliyoishika mkononi. Sasa liweke kando ya mapokeo, linalotoka kwenye kupokea. Hukupokea kitu, unaendelea na nini? Kwa hiyo ukiandika ubaoni "mila dhidi ya maendeleo", umegombanisha nusu mbili za safari moja.

Nirudi kwenye filamu. Maneno ya M'Baku pale maporomokoni si kwamba hataki mitambo. Lalamiko lake ni kwamba mitambo ya nchi imeachiwa mtoto, Shuri, mdogo wake T'Challa, anayedharau mila. Shitaka ni dharau. Tena Shuri mwenyewe tunamwona baadaye kwenye maabara akimcheka kaka yake kwa kuvaa ndala za kifalme, na papo hapo anampa viatu vya kunyata alivyomtengenezea. Mfalme ni yule yule, na miguu ni ile ile. Blanketi wanazovaa walinzi wa mpakani zimefuata zile za Wasotho, nazo kwenye vita zinageuka ngao. Kofia ya malkia Ramonda, mama yao, imefuata kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa, na iliyovaliwa kwenye filamu ilitengenezwa kwa printa ya pande tatu. Mbunifu wa mavazi hayo, Ruth E. Carter, alipata Oscar mwaka 2019.

Na chimbuko la mila na mitambo humo ni moja. Vibranium, madini ya kubuni yanayoendesha mitambo ya Wakanda, ndiyo iliyoingia ardhini ikaipa nguvu ile mitishamba anayokunywa mfalme. Anayeamuru bustani ya mitishamba hiyo ichomwe ni Killmonger, binamu wa T'Challa anayemnyang'anya ufalme, na silaha za vibranium anazitaka zote. Ufalme aliupata kwa kufuata mila, kwa pigano lile lile la maporomokoni. Na T'Challa akienda kwa wahenga wake, anawaambia usoni kwamba walikosea kuificha nchi. Hapo ndipo mila inapoonekana iko hai, mjukuu anaposimama mbele ya babu zake akawajibu.

Mjomba wangu anavua dagaa Ziwa Tanganyika, anashusha kwenye mwalo wa Kibirizi. Utotoni nilikuwa nambebea mafuta ya taa ya karabai, nikimtazama anavyoipampu mpaka inavuma. Sasa ana taa za sola na betri. Lakini bado anaingia ziwani usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali mtumbwi unalala mchangani na nyavu zinashonwa, kama alivyofundishwa na baba yake. Mwenge, karabai, sola: kilichobadilika ni kinachotoa mwanga. Kuwavuta dagaa kwa mwanga hajaacha, na nikimwambia ameacha mila atanishangaa.

Kwa yule kijana mtafsiri, ambaye kwa kweli sauti anayo na watu wanampenda, ningeomba jambo dogo tu. Siku wakiiweka tena, M'Baku akitokea, aseme "anasema mtoto huyu anaidharau mila". Kilichopitwa na wakati kikitajwa, neno lake lipo, ni ukale.