Kusinki si Bakapu: Dhana Potofu Ninazokutana Nazo Kila Wiki

Mwezi huu wateja watatu wamekaa kwenye kiti kile kile mbele ya meza yangu wakaniambia maneno yale yale: "Fundi, mimi sina wasiwasi, vitu vyangu vyote vipo Drive." Wa tatu alikuwa mpiga picha za harusi. Laptopu yake ilikuwa imejaa, mstari wa diski C umegeuka mwekundu, akaamua kufuta folda zote za harusi za mwaka jana kwa kuwa "zimeshapanda juu", yaani zimo kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Google. Akafuta, akamwaga na pipa la taka la Windows. Wiki sita baadaye familia ya bibi harusi ikampigia simu, wanataka picha za sendoff.

Tulifungua Google Drive pamoja kwenye kivinjari. Folda haipo. Tukaingia kwenye Tupio, tukashuka mpaka chini kabisa. Tulikuta risiti na picha za pasipoti alizofuta wiki tatu nyuma. Harusi hakuna hata moja. Tupio la Google Drive huondoa lenyewe kila kitu kinachofikisha siku 30, na limekuwa hivyo tangu Oktoba 2020.

Dhana: Nikishasinki folda, nina bakapu.

Huna. Nitalisema hili mpaka sauti ikauke. Kusinki ni kufananisha pande mbili, kompyuta yako na hifadhi ya mtandaoni. Ukiongeza faili kwenye kompyuta, inaongezeka juu. Ukiibadilisha, inabadilika. Ukiifuta, inafutwa. Programu haina namna ya kujua kama umefuta kwa kukusudia, umekosea, au mtoto amecheza na kibodi. Imepewa kazi ya kutii, na inatii haraka sana. Ukiwa na simu na kompyuta mbili kwenye akaunti moja, kosa lililofanyika mahali pamoja linafika kote kabla hujanyanyuka kwenye kiti.

Vivyo hivyo kwa virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia, vya aina ya WannaCry iliyosambaa Mei 2017. Kwa macho ya OneDrive au Dropbox, huduma za kusinki kama Google Drive, faili lililofungwa na kirusi ni faili lililobadilishwa tu. Litapandishwa juu kama mabadiliko mengine yoyote.

Wateja wenye uelewa kidogo hunijibu kwamba huduma hizi zinatunza vilivyofutwa na matoleo ya zamani. Ni kweli, na imeniokolea wateja wengi. Lakini ina mwisho. Dropbox ya bure inatunza siku 30, vifurushi vya biashara siku 180 au zaidi. OneDrive ya mtu binafsi siku 30, ya kazini au shuleni kwa kawaida siku 93. Google Drive inatunza matoleo ya zamani ya faili la Word au PDF kwa siku 30 au mpaka yafike matoleo 100. Sasa niambie, mwanafunzi anayeandika tasnifu anagundua lini kwamba sura ya tatu haipo? Anagundua siku msimamizi wake anapoiomba, na hiyo inaweza kuwa miezi minne baadaye.

Kwa hiyo jiulize hivi: nikilifuta faili hili hapa sasa hivi, nakala yake itabaki wapi baada ya mwaka? Kama huna jibu, huna bakapu. Bakapu ni nakala ya jana inayobaki kama ilivyo hata kama leo umeharibu kila kitu.

Ushauri wangu ni ule ule, na sitaubadilisha: nunua diski ya nje ya TB 1. Kila Ijumaa jioni ichomeke, nakili folda zako za kazi, ichomoe. Kuichomoa ndiyo sehemu ambayo watu wanaipuuza. Diski inayokaa imechomekwa wiki nzima italiwa na kirusi kile kile, au umeme ukija kwa kishindo itaondoka pamoja na kompyuta. Na usiiweke kwenye begi la laptopu! Mwizi habebi laptopu akakuachia begi. Iweke kwa dada yako, dukani, popote pasipo na ile kompyuta. Endelea kusinki pia, maana nyumba ikiungua utashukuru kuna kitu juu. Unahitaji vyote viwili.

Dhana: Faili ninaloliona kwenye folda liko kwenye kompyuta yangu.

Angalia alama iliyo pembeni ya jina. Kwenye OneDrive, kiwingu cha bluu kinamaanisha unaona jina tu, mwili wa faili uko juu. Tiki ya kijani kwenye duara jeupe: limeshushwa, ila linaweza kurudishwa juu nafasi ikihitajika. Duara lililojaa kijani lenye tiki nyeupe: umeliagiza libaki hapa siku zote. Mteja wangu mmoja alisafiri kwenda kijijini kufanya semina, akafika mbele ya watu, akabofya wasilisho lake, halikufunguka. Mtandao hakuna, na faili lilikuwa kiwingu. Kabla ya safari, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya folda, uchague libaki kwenye kifaa. Menyu hiyo hiyo ina chaguo la kuachia nafasi. Chaguo kama hilo ndilo alilolihitaji yule mpiga picha. Linatoa mwili wa faili kwenye kompyuta bila kuligusa la juu.

Dhana: Data za programu ya uhasibu nazo ziwekwe kwenye folda ya kusinki.

Tafadhali, hapana. Data za QuickBooks na Tally zinabaki wazi na kuandikwa muda wote programu ikiwa inafanya kazi. Kunakili kitu kinachoandikwa ni kukaribisha uharibifu, na kompyuta mbili zikifungua kampuni moja kwa njia hii mtaishia na hesabu mbili zisizolingana. Tumia kitufe cha bakapu kilichomo ndani ya programu yenyewe, kisha faili la bakapu hiyo ndilo ulipeleke kwenye folda ya kusinki.

Dhana: Kusinki kunamaliza bando kila siku.

Mara ya kwanza ndiyo nzito. GB 50 za picha kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 5 ni kama saa 22, kwa hiyo anza ukiwa na WiFi ya ofisi. Baada ya hapo yanapanda mabadiliko tu. Dropbox hulikata faili vipande vya MB 4 na kutuma vile vilivyobadilika. Ukitumia hotspoti ya simu, iambie Windows kwamba mtandao huo unapimwa (metered). OneDrive itasimama yenyewe.

Dhana: Nafasi ikijaa, hakuna baya, mafaili yataacha tu kupanda.

Zile GB 15 za bure za Google zinagawanwa na Gmail na Photos. Zikijaa, hata barua pepe hazipokelewi. Na akaunti isiyoguswa miaka 2 inaweza kufutwa.

Dhana: Deskitopu imekuwa tupu, basi vitu vimepotea.

Hii hutokea mtu anapozima OneDrive baada ya kuchoshwa na ujumbe wake. Windows mara nyingi huwa imeshahamishia deskitopu yako ndani ya folda ya OneDrive tangu siku ulipoiwasha kompyuta, wewe ukabofya kukubali bila kusoma. Usiformati, usirudishe Windows nyuma, usimpe kijana wa jirani ajaribu. Fungua folda ya OneDrive chini ya jina lako la mtumiaji, humo utakuta folda ya Desktop na vitu vyako. Visivyokuwepo, ingia OneDrive kwenye kivinjari uvishushe. Vikitimia, vifungue vitatu vinne kwanza uone kama vinafunguka, ndipo uvirudishe kwenye deskitopu.