Njaa ya Baada ya Mazoezi Haipimi Ulichochoma

Wengi huamini kwamba njaa kali baada ya mazoezi ni mwili kudai ulichochoma, hivyo chochote utakachokula hakitakunenepesha. Njaa hiyo ni ya kweli, wala si ulafi. Ila haijui hesabu. Mtu wa kilo 70 akitembea haraka nusu saa huchoma takriban kilokalori 150. Soda ya nusu lita pekee huwa na kama 200. Soma lebo ya chupa, upige hesabu mwenyewe. Kunywa maji kwanza, kisha kula maharage, yai au samaki; hushibisha kwa muda mrefu kuliko maandazi. Mwenye kisukari anayetumia insulini, tafadhali, asiivumilie njaa hiyo: apime sukari mara moja, huenda imeshuka.