Usizibe Bawa Kabla Halijakaguliwa

Siku hizi hazipiti wiki mbili bila ofisi yetu ya ukaguzi wa ndege kupokea swali kutoka Ilemela, Magu, Sengerema au Ukerewe, la fundi anayetaka kuunda ndege ya kiti kimoja. Wengi wanakuja na michoro ya miniMAX kwenye simu, na hapo sina ugomvi nao. Ndege za familia hii zilibuniwa na Mmarekani Wayne Ison wa Tennessee miaka ya 1980. Fremu ni ya mbao na plaiwudi, juu yake kitambaa. Ndugu yao Hi-MAX ana bawa lililopita juu ya kichwa cha rubani. Seremala makini anaziweza.

Ugomvi unaanza na sentensi hii: “Lakini Marekani hawadai leseni.” Kweli, Kanuni yao ya 103 ya mwaka 1982 haidai leseni wala usajili, ila soma mpaka mwisho. Chombo kiwe cha mtu mmoja, cha burudani tu, kisizidi kilo 115 kikiwa kitupu, kisibebe zaidi ya lita 19 za petroli, mwendo usizidi kilomita 102 kwa saa, na kisiruke usiku wala juu ya makazi ya watu. Katika familia hiyo, MAX-103 ndiyo iliyobuniwa kukidhi kipimo hicho. Nyingine nyingi ni nzito zaidi, na huko huko kwao zinasajiliwa. Halafu, jamani, hiyo ni sheria ya Marekani. Haikuvuka bahari pamoja na michoro.

Hapa Tanzania tunafuata Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80, na kanuni zake. Hatua ya kwanza ni barua kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), ukiambatanisha michoro, kabla hujanunua hata ubao mmoja. Baada ya hapo unatunza daftari la ujenzi lenye tarehe, picha na risiti za vifaa. Kisha unakuja ukaguzi, na hapa naomba nieleweke: mkaguzi aone maungio ya mbao kabla ya kitambaa kuvutwa. Mtu anatuita akiwa ameshavika kitambaa, ameshapiga rangi, bendera ipo mkiani, anauliza cheti atachukua lini. Nikague nini? Rangi? Tutamwambia afungue bawa, naye ataona tunamwonea. Ukaguzi ukishapita ndipo yanafuata usajili na alama zinazoanza na 5H, cheti au kibali cha kuruka, leseni ya rubani pamoja na cheti chake cha afya, na bima.

Tukague maungio kwa sababu gundi nyeupe ya makabati hulegea kwenye joto na unyevu, na kando ya ziwa vyote viwili vipo. Ndege inataka gundi ya epoksi iliyopimwa kwa kazi hiyo. Mbao nayo ina masharti: nyuzi zisipinde zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 15 za urefu. Dondosha tone la wino mwepesi juu ya ubao uliorandwa. Utatambaa kufuata nyuzi, nawe utaona kama zinakimbilia ukingoni. Mbao kama hiyo iache itengenezewe stuli. Mninga ni mzuri kwa kitanda. Kwa bawa ni mzito.

Injini wavuvi wa Mwaloni wanaielewa haraka kuliko wasomi, maana injini nyingi za Rotax zinazofungwa kwenye ndege hizi huchanganyiwa petroli na oili kama mashine za mitumbwi. Kwa kawaida ni mililita 20 za oili kwa lita. Wanachosahau ni hewa. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi joto 30, hewa ya Mwanza ni nyepesi kama ya karibu mita 2,000, na injini ya nguvu za farasi 40 inabaki na takriban 32. Umbali wa kupaa ulioandikwa kwenye kitabu si wa Ilemela.

Kuruka bila hati hizo ni kosa la jinai: faini, kifungo, au vyote pamoja, na chombo kinazuiwa. “Nilikuwa najaribu tu” si utetezi, wala “niliruka chini chini.” Uwanja wa Ndege wa Mwanza uko ukingoni mwa ziwa, na ndege za abiria zinazokuja kutua huwa nazo ziko chini.

Wengine wanauliza kama wakifunga maboya na kutua majini watakuwa nje ya mkono wetu. La. Chombo kinachoruka ni chetu popote kinapotua, na kikishakuwa majini kinafuata pia kanuni za kuzuia vyombo kugongana. Watu wa TASAC, shirika la wakala wa meli, nao watakuwa na maswali yao.