Kulala Usiku Kucha na Bado Ukaamka Umechoka

Dereva mmoja wa lori alinijia kliniki kwa sababu shinikizo lake la damu lilikataa kushuka, ingawa alikuwa akimeza dawa za aina tatu bila kukosa hata siku moja. Nilipomuuliza habari za usingizi, alinijibu kwa uhakika kwamba hana shida nao, kwani hupanda kitandani saa tatu usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Mkewe, aliyeketi kando yake, ndiye aliyenipa jawabu lenyewe: "Daktari, mume wangu anakoroma nyumba nzima inasikia, halafu ghafla ananyamaza, na mimi nabaki macho nikisubiri avute pumzi."

Kimya hicho hunitia wasiwasi kuliko mkoromo, kwani ni dalili ya ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini (kwa Kiingereza, sleep apnea). Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea, na kwa baadhi ya watu, hasa wenye shingo nene au uzito uliozidi, ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Kifua huendelea kujitutumua lakini hewa haipiti, oksijeni hupungua katika damu, na ubongo hulazimika kumzindua kwa sekunde chache ili koo lifunguke, kisha hulala tena na asubuhi hakumbuki chochote. Kila hewa inapokatika kwa sekunde 10 au zaidi, tunalihesabu kuwa tukio moja. Yakifika matukio 5 kwa kila saa, hiyo si hali ya kawaida, na yakifika 30 kwa saa, ugonjwa ni mkali.

Kwa mtu mwenye afya, shinikizo la damu hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20, na hayo ndiyo mapumziko ya moyo na mishipa. Anayezinduliwa kila baada ya dakika mbili hapati nafasi ya kuzama katika usingizi mzito, na kila anapozinduka adrenalini, homoni inayouharakisha moyo, hupanda, presha nayo ikapanda. Kwa hiyo ninaposema kwamba mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, nazungumzia saa za usingizi, si saa za kitandani.

Linalonisikitisha sana ni kwamba wengi wa watu hawa, kwa kuwa wanasinzia mchana kutwa, hudhani wamekosa usingizi, wakaenda duka la dawa kununua vidonge vya kulala, au wakanywa pombe usiku. Vyote viwili hulegeza koo zaidi na kuchelewesha ule mzinduko unaowaokoa. Tafadhali msifanye hivyo.

Tiba yenye nguvu zaidi kwa ugonjwa mkali ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe, ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waliieleza mwaka 1981. Bei yake bado ni mzigo kwa familia nyingi. Dereva wangu alipokuwa akiitafutia fedha, nilimwomba asiendeshe usiku, aache pombe na aanze kupunguza uzito. Mkewe naye alimshonea mfuko mgongoni mwa fulana ya kulalia, akatia mpira mdogo ndani yake ili asilale chali.

Ukija kliniki kwa tatizo la namna hii, njoo na mtu unayelala naye chumba kimoja, au ulete sauti ya usiku mmoja iliyorekodiwa kwenye simu.