Hakuna picha inayotoka bila karatasi: tunachofanya kitengo cha usajili kwenye makumbusho ya sanaa

Tarehe 21 Agosti 1911 ilikuwa Jumatatu, siku ambayo makumbusho ya Louvre kule Paris walikuwa wanafunga kwa ajili ya usafi na marekebisho, na ndo siku ambayo Vincenzo Peruggia aliishusha picha ya Mona Lisa ukutani akatoka nayo. Kesho yake mchoraji mmoja, Louis Béroud, akaja kufanya kazi zake ndani ya ukumbi ule, akakuta ukuta mtupu na vishikizo vya chuma tu, akamuuliza mlinzi picha iko wapi, mlinzi akajibu kwa utulivu kabisa kwamba itakuwa kwa wapiga picha. Na wala hakuwa mzembe kujibu hivyo, maana siku zile wapiga picha wa makumbusho walikuwa wanashusha kazi ukutani wanaenda kuzipiga wanarudisha, bila kuandikisha popote. Ilichukua zaidi ya siku nzima kugundua kwamba imeibwa, na ilikuja kupatikana Desemba 1913 Florence, Italia.

Mimi naongoza kitengo cha usajili kwenye makumbusho ya sanaa, na kila kijana anayeanza kazi kwetu namsimulia hiki kisa siku ya kwanza. Swali langu kwake sio mwizi alipita wapi. Namuuliza, yule mlinzi angejuaje? Kama pale ukutani kungekuwa na kikaratasi kinachosema picha imechukuliwa na fulani, saa fulani, inarudi lini, basi ukuta mtupu usio na kikaratasi ungekuwa ni kengele tosha. Leo ukija kwetu ukakuta nafasi tupu ukutani utaona kile kikaratasi, watu wengi wanakipita tu lakini sisi ndo uhai wetu huo.

Sasa usajili wenyewe ni nini. Kazi yoyote ikifika mlangoni, iwe imenunuliwa, imetolewa zawadi, imeazimwa au mtu ameileta tu iangaliwe, inapokelewa kwa risiti kwanza, risiti yenye jina la mwenye mali na sababu ya kuileta na tarehe ya kuichukua kama haibaki. Ikishakubaliwa kuingia kwenye mkusanyo wa makumbusho ndo inapewa namba ya kudumu, mfano 2024.17.3, yaani iliingia mwaka 2024, ni pokeo la 17 mwaka huo, maana yake mara ya 17 kupokea vitu, na ndani ya pokeo hilo ni kitu cha tatu. Hiyo namba haipewi kitu kingine hata siku moja, hata kazi yenyewe ikiungua au ikirudishwa kwa wenyewe. Halafu namba inaandikwa kwenye kitu chenyewe, na hapa kuna ufundi wake, kinyago cha mpingo tunapaka tone dogo la vanishi inaitwa Paraloid B-72 sehemu ambayo haionekani, ikikauka tunaandika kwa wino mweupe kwa sababu mpingo ni mweusi, tunapaka tena juu yake, na siku yoyote inatolewa kwa asetoni kidogo. Kitambaa tunashonea utepe wa pamba wenye namba. Karatasi tunaandika kwa penseli laini nyuma kwenye kona. Stika za gundi na bolpeni ni marufuku, nimeona michoro mizuri imepata madoa ya njano kwa ajili ya seloteipu ya mtu aliyekuwa na nia njema kabisa.

Kisha maelezo, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndo watu wengi wanapoharibu. Chukua picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za kung'aa zile za baiskeli juu ya hadibodi, na baada ya kufariki 1972 ndugu na wanafunzi wake wakauendeleza mtindo mpaka leo. Sasa fungua leja ya zamani ukute imeandikwa "tausi wawili juu ya mti, rangi mbalimbali". Jamani, tausi wawili juu ya mti wako wangapi? Maelezo hayo yanaingia kwenye picha mia na zote zikawa ni yenyewe, siku ikipotea utamwambia nini polisi? Kwahiyo tunapima urefu na upana kwa sentimita, tunaandika imechorwa juu ya nini na kwa rangi ya aina gani, sahihi iko kona ipi na imeandikwaje herufi kwa herufi, tunapiga picha mbele na nyuma, halafu tunatafuta kilema. Ndiyo, kilema. Kona ya chini kushoto imemegeka, nyuma kuna hesabu za mtu kwa penseli, msumari mmoja wa fremu una kutu. Uzuri wa tausi unaweza kunakiliwa lakini ule mmego wa kona hakuna anayehangaika kuunakili. Kuna mwongozo wa kimataifa unaitwa Object ID ulitoka mwaka 1997 ambao unapanga maelezo ya namna hii ili polisi, forodha na makumbusho waelewane, na Interpol mwaka 2021 walitoa programu ya simu inaitwa ID-Art ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bure kutafuta kama kazi fulani imo kwenye orodha yao ya vitu vilivyoibwa.

Lakini kuongoza kitengo ni kitu tofauti na kujua kuandika namba. Namba anaweza kufundishwa mtu kwa wiki mbili. Kazi ngumu ni watu, na hasa watu wakubwa kuliko wewe. Kwenye makumbusho moja niliyowahi kufanya kazi zamani ilipotea picha ya rangi ya maji, ndogo tu, tukaitafuta wiki tatu, tumeshusha rafu zote, vijana wangu hawalali, mmoja akaanza kulia kwa sababu yeye ndo alikuwa na funguo wiki ile na alijua macho yote yako kwake. Kumbe ilikuwa ofisini kwa kiongozi mmoja, kulikuwa na wageni akataka ukuta upendeze, akaagiza mtu wa usafi akaichukue stoo na ikabaki huko pembeni ya dirisha inapigwa na jua. Hakuwa na nia mbaya. Ila yule kijana alikaa wiki tatu akiwa mtuhumiwa, na rangi ya maji ikishafifia kwa jua hairudi tena. Toka siku ile sheria yangu ni moja kwa mkurugenzi na kwa mfagizi, hakuna kitu kinachotoka kwenye rafu bila fomu ya kuhamisha yenye sahihi ya anayetoa na anayepokea, stoo wanaingia watu wawili sio mmoja, na sehemu mpya inaingizwa kwenye kompyuta siku ileile, sio kesho. Nimeshaambiwa nina roho ngumu, sawa, lakini ile fomu inamlinda kijana wangu kabla haijailinda picha.

Na kila mwaka tunafanya ukaguzi wa pande mbili. Tunachukua namba kwenye rejista tunaenda kuzitafuta kwenye rafu, halafu tunageuza, tunachukua vitu kwenye rafu tunavitafuta kwenye rejista. Wengi wanafanya ule wa kwanza tu wanaridhika, wakati huu wa pili ndo unaoibua vitu visivyo na namba kabisa, na hivyo ndo vya hatari. Agosti 2023 British Museum ya London ilitangaza kwamba vitu vimepotea, vimeibwa au kuharibiwa, baadaye ikasemwa ni kama 2,000 hivi, vingi ni vito vidogo vya kale vya kuchongwa na mapambo ya dhahabu. Mfanyabiashara wa vitu vya kale kutoka Denmark, Ittai Gradel, alikuwa ameshawaonya tangu 2021 baada ya kuona vitu vinauzwa kwenye soko la mtandaoni la eBay, na mkurugenzi Hartwig Fischer akaja kujiuzulu. Kilichoniuma mimi kama mtu wa usajili ni kwamba sehemu kubwa ya vitu vile havikuwa vimesajiliwa ipasavyo, havina picha, sasa hata ukikiona sokoni utathibitishaje kuwa ni chako? Baada ya hapo wakatangaza mpango wa miaka 5 wa kukamilisha na kuweka mtandaoni rekodi kama milioni 2.4. Ile ni taasisi yenye pesa na imekuwepo toka 1753, kwahiyo wewe mwenye makumbusho ndogo ya mkoa usione aibu kusema bado hamjamaliza kusajili, sema na anza na kile kisichokuwa na namba.

Kuhusu kuazimisha kazi nje nitasema kwa kifupi. Mtu akitaka kuazima tunamuomba atuandikie mapema, ikivuka mipaka tunapenda mwaka mzima kabla, na atujazie ripoti ya jengo lake: ulinzi, moto, unyevu wa hewa, mwanga. Karatasi na vitambaa hatuvitaki juu ya luksi 50 hivi, luksi ndo kipimo cha mwanga, picha za rangi ya mafuta zinavumilia kama 200. Bima inaanza pale kazi inaposhuka kwenye msumari wetu mpaka irudi kwenye msumari uleule, sio uwanja wa ndege mpaka uwanja wa ndege. Kreti, yaani sanduku la kusafirishia kazi, ikifika haifunguliwi hapohapo, inakaa kama saa 24 ili kilichomo kizoee hewa ya pale, maana kinyago kilichozoea unyevu wa pwani ukikipeleka kwenye chumba chenye hita wakati wa baridi Ulaya mti unapoteza maji, unasinyaa na unapasuka, na ule mpasuko hakuna bima inayouziba. Ripoti ya hali inaandikwa ikitoka, ikifika, ikiondoka kule na ikirudi, mara nne, pamoja na picha.

Kuna upande mwingine wa usajili, wa kujua kitu ni cha nani. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wanasimika vigango, nguzo za mbao za kuchongwa, kwa kumbukumbu ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki, na kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Vikaibwa. Miaka mingi baadaye vikaonekana Marekani, kimoja Illinois State Museum na kingine kwenye makumbusho ya Hampton University, na ile picha moja ndo ikathibitisha, mwaka 2007 vikarudi kwa familia yenyewe. Makumbusho nyingine zikafuata, Denver Museum of Nature & Science ikarudisha 30 mwaka 2019, na Illinois ikarudisha vingine 37 mwaka 2023. Wasajili wa kule walikuwa wameandika vizuri tu nani aliwapa zawadi, ila hawakuuliza yeye alivipata wapi na aliyemuuzia alivipata wapi. Kwetu sasa zawadi isiyojibu maswali hayo haipewi namba, hata iwe nzuri kiasi gani.

Kwahiyo ukija na kazi yako kwenye makumbusho yoyote usiondoke bila risiti, hata kama umemwachia mtu unayemfahamu. Ukitoa zawadi saini hati ya zawadi, ukiazimisha hati iseme mwisho ni lini, yale maneno "nimewaachia tu" yanakuja kuwatesa watoto wako. Msanii ujue kwamba kuuza picha sio kuuza hakimiliki, hiyo inabaki kwako mpaka uandike vingine. Na kama nyumbani kuna kinyago, kiti au mkeka wa zamani, pima, piga picha mbele na nyuma na pale penye kilema, halafu tafuta zile picha za zamani ambazo bibi au babu kasimama pembeni ya kitu hicho, zigeuze nyuma uandike nani, wapi, mwaka gani. Kwa penseli.