Nini Maana ya Kustaafisha Namba ya Jezi?

Kustaafisha namba ya jezi ni uamuzi wa klabu au chuo kwamba namba fulani haitavaliwa tena na mchezaji wake yeyote, kwa heshima ya aliyeivaa zamani. Wapenzi wa soka wanakumbuka namba 10 ya Diego Maradona pale Napoli, au namba 23 ambayo Manchester City waliiondoa baada ya Mkameruni Marc-Vivien Foé kuanguka uwanjani na kufariki Juni 2003. Neno lenyewe linachekesha kidogo, kwa kuwa anayestaafu kwa kawaida ni mtumishi, na namba haijawahi kupokea mshahara.

Katika mpira wa Kimarekani (American football) wa vyuo vikuu heshima hii ina gharama kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kikosi kimoja huweza kuwa na wachezaji zaidi ya 100, ilhali namba haziruhusiwi kuzidi tarakimu mbili, kiasi kwamba wachezaji wawili huruhusiwa kuvaa namba moja mradi wasiwe uwanjani kwa wakati mmoja. Ndiyo maana vyuo vingi hutofautisha kuienzi jezi na kuistaafisha namba: jezi ikienziwa, jina hutundikwa uwanjani lakini namba huendelea kugawiwa, namba ikistaafishwa, hakuna anayeigusa.

Mfano unaoonyesha vizuri uzito wa jambo hili ni wa Ernie Davis. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Syracuse, jimboni New York, alipewa namba 44 iliyokuwa imevaliwa na Jim Brown, nyota wa zamani wa chuo hicho, na mwaka 1959, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliisaidia timu hiyo kutwaa ubingwa wa taifa. Mwaka 1961 akawa mchezaji wa kwanza mweusi kushinda Tuzo ya Heisman, ambayo hutolewa kila mwaka kwa mchezaji bora wa vyuo vikuu nchini Marekani. Mwaka uliofuata alichaguliwa wa kwanza miongoni mwa wachezaji wote waliokuwa wakiingia ligi ya kulipwa, na haki ya kumsajili ikaishia kwa Cleveland Browns, lakini kabla msimu haujaanza madaktari wakagundua kuwa ana saratani ya damu. Alifariki tarehe 18 Mei 1963, akiwa na umri wa miaka 23, bila kucheza hata mechi moja ya kulipwa.

Cleveland hata hivyo waliistaafisha namba 45 waliyokuwa wamempa. Hapa hapakuwa na mabao wala rekodi za kuhesabu. Kilichoheshimiwa ni mtu mwenyewe, pamoja na yale ambayo kifo kilimzuia kuyafanya. Syracuse, ambako rekodi zake zipo, walichukua njia nyingine. Namba 44 iliendelea kurithishwa, ikapita kwa Floyd Little na wengine, na ikawa alama ya chuo kizima hata msimbo wake wa posta ukawa 13244. Ilistaafishwa mwaka 2005 tu, zaidi ya miaka 40 baada ya kifo cha Davis, nami naona kuchelewa huko hakukuwa kumsahau, kwa sababu kila kijana aliyekabidhiwa namba hiyo alijua amebeba jina la nani.

Chuo Kikuu cha Mississippi kimejaribu njia zote mbili kwa mchezaji mmoja. Chucky Mullins, mlinzi aliyevaa namba 38, alivunjika shingo katika mechi dhidi ya Vanderbilt tarehe 28 Oktoba 1989, akapooza, na akafariki Mei 1991. Ikaanzishwa tuzo kwa jina lake, inayotolewa kwa mchezaji wa safu ya ulinzi, na mshindi akawa anapewa heshima ya kuvaa 38. Mwaka 2006 chuo kiliamua kuistaafisha namba hiyo. Ukuta ukabaki na namba, lakini hakuna mchezaji aliyeonekana nayo tena uwanjani. Mwaka 2011 uamuzi huo ulibatilishwa, na mshindi wa tuzo akaruhusiwa tena kuingia uwanjani na namba ya Mullins mgongoni.